Kimbia, Kijiti

11 Januari

Dada,

Uliniambia nisipige simu, kwa kuwa mama akisikia sauti yangu anataka nitafutwe nyuma ya mlango na chini ya mto, na jioni nzima inakuwa kazi ya kumtuliza. Basi naandika. Msomee kwa sauti, polepole, upande wa sikio lake zima.

Mama, hujambo? Ni mimi, binti yako Kijiti. Bado mwembamba, usicheke. Kazi ghalani inaendelea. Makopo ya rangi yanaingia asubuhi, yanatoka mchana, na mimi nipo katikati nahakikisha nyeupe haiendi kwa aliyeagiza kijivu. Wiki iliyopita dereva wa foklifti aliangusha rundo zima la bluu, tukatembea na viatu vya bluu mpaka Ijumaa.

Sasa dada, hapa ni kwako peke yako, usimsomee. Najua niliahidi kwamba likizo ya mwaka huu nakuja kukupokea zamu ili upumzike. Najua niliahidi na mwaka jana. Lakini nimejiandikisha mbio. Si zile za kampuni zenye fulana ya bure na soda. Hizi ni kilomita mia moja, kupanda milima na kushuka, unaanza alfajiri na kuendelea mpaka umalize au uokotwe. Ni mwezi wa Juni. Aliyenitia wazimu huu ni daktari mmoja wa meno ninayekimbia naye asubuhi. Yeye ameshazikimbia. Anasema nina miguu ya kazi hiyo, na nikishindwa ataning'oa jino bila ganzi. Likizo yangu yote nitaihitaji kwa mazoezi ya milimani na kwa mbio zenyewe.

Sijawahi kumaliza kitu kikubwa maishani mwangu, dada. Wewe unajua hilo kuliko mtu yeyote. Niambie ukweli. Ukisema njoo, nakuja.

Mdogo wako,
Kijiti


20 Januari

Kijiti, mdogo wangu,

Barua imefika na imesomwa. Mama alifungua macho yote mawili, hata lile la kushoto lililolegea tangu kiharusi. Nilipofika kwenye viatu vya bluu akacheka mpaka mate yakamtoka, nikamfuta.

Kuhusu zamu, usijisumbue. Nimeshazoea. Cherehani nimeihamishia chumbani kwake, pale dirishani, nashona mapazia ya watu huku namwangalia. Asubuhi namgeuza, mchana namgeuza, jioni namgeuza, ngozi isije ikaoza. Chakula ni kwa kijiko, na nusu yake kinarudi kifuani. Mashuka ni kila siku. Mgongo wangu nao umeanza kulalamika, lakini nimeuambia unyamaze, hauna pa kupeleka mashtaka. Yule mwalimu aliyekuwa akiningoja amechoka kungoja. Ameoa mwezi uliopita. Nimemshonea mapazia ya nyumba mpya, yamempendeza.

Nilimuuliza mama, "Kijiti aje, au akimbie?" Akasema, "Akimbie." Alisema wazi kabisa, nikashangaa. Kwa hiyo kimbia. Mia moja ni nyingi, lakini wewe tangu utotoni ukitumwa dukani ulikuwa unarudi kesho, kwa hiyo umbali huujui vizuri, na hiyo itakusaidia.

Dada yako


3 Machi

Dada, na wewe mama,

Nimepoteza kucha mbili za miguu. Zilianza kwa kuwa nyeusi, halafu moja ikabaki ndani ya soksi kama mbegu ya tikiti. Daktari wa meno aliitazama akasema, "Hongera, sasa umeanza."

Nimejifunza mambo ambayo sikujua yanajifunzwa. Nimejifunza kutembea. Kwenye mlima hukimbii, unatembea na mikono juu ya mapaja kama bibi anayetafuta sindano chini. Nimejifunza kula huku tumbo halitaki: viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, ndizi, kipande kidogo kila mara, na usingoje njaa. Nimejifunza kupaka mafuta mazito kwenye makwapa, na sehemu nyingine ambazo sizitaji mbele ya mama. Kuna Jumapili moja tulianza kupanda na ukungu, na tulipofika juu ukaondoka wote kwa mara moja. Chini kulikuwa na mji mzima, na sikuweza kuona ghala, wala chumba changu, wala kitu chochote ninachokidai au kinachonidai. Nililia. Daktari wa meno alijifanya anafunga kamba za viatu.

Mama analala vizuri? Kile kidonda cha kisigino kimefunga?

Nawapenda.
Kijiti


12 Machi

Kijiti,

Kidonda kimefunga. Mama analala kama mtoto. Amenenepa hata. Ukimwona utasema huyu ni mgonjwa gani.

Anauliza kucha zikiota zinaota zile zile au mpya. Nimemwambia watu wanaokimbia sana huota mpya.

Usiandike mambo ya kulia. Furahi tu. Sisi huku tunakufurahia.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Hii usimsomee mama hata kidogo.

Mjomba alipita hapa na lori lake. Nilimpa chai ghalani, tukakaa juu ya makopo. Nikamsimulia mazoezi, akawa anatikisa kichwa tu. Mwishowe akasema, "Mama yako nilimwona juzi. Mwanangu, yule amebaki macho." Nikamwambia dada ameandika kwamba amenenepa. Mjomba akaizungusha chai yake, akasema, "Labda mimi sikuona vizuri. Chumba kilikuwa na pazia."

Tangu siku hiyo mguu wangu wa kulia unauma, mfupa wa mbele. Daktari wa meno anasema nipumzike wiki moja. Nimekata tiketi ya basi la Jumamosi. Ningefika, nimwone, nilale sakafuni karibu naye, nirudi Jumatatu. Ukisema sawa nakuja, ukisema hapana nitairudisha. Lakini nijibu upesi. Nimempa kondakta bahasha hii, jibu umpe huyo huyo.

Kijiti


18 Aprili

Kijiti,

Rudisha tiketi.

Mjomba amekuwa akizika watu tangu akiwa kijana. Akiona mtu amelala mchana, yeye anatafuta jembe. Unamjua.

Fikiri kidogo. Hujaja muda mrefu. Sasa unatokea ghafla, umevaa sura ya msiba, unalala sakafuni. Mama hawezi kusema sana lakini si mjinga. Mgonjwa akiona watoto wote wamekusanyika kitandani kwake anajua maana yake. Utamuua kwa hofu. Hilo unalitaka? Mimi sitakuwa na nguvu ya kumrudisha ukishaondoka Jumatatu na basi lako.

Anakungoja Juni, uje na medali. Ameshanionyesha ukutani itakapotundikwa. Pumzisha mguu. Uweke kwenye maji baridi.

Dada yako anayekupenda


21 Mei

Dada,

Nimekutii na mguu umepona. Umeona? Wewe ni daktari kuliko yule wa meno.

Tumefanya safari ndefu ya mwisho. Kuanzia sasa tunapunguza, miguu ipumzike, na kupunguza ndiko kugumu kuliko yote. Nazunguka chumbani kama kuku. Naweka viatu mlangoni, naviondoa, naviweka tena. Ghalani nimehesabu rafu moja mara mbili, msimamizi akaniambia, "Dada, nenda ukakimbie tu, rangi haitaki mawazo."

Mwambie mama nitakimbia kilomita ya mwisho nikiwa namfikiria yeye. Mbio ni Jumamosi tarehe 8. Niandikieni neno moja kabla ya siku hiyo.

Kijiti


6 Juni, Alhamisi

Kijiti,

Nampa kondakta hii, utaipata kesho.

Mama ametulia sana. Hajakohoa hata mara moja. Hajaita mtu. Nimembadilisha mashuka, nimemchana nywele, nimemvalisha lile gauni la kijani, na hakunipa shida yoyote. Laiti angekuwa hivi siku zote.

Usiwe na wasiwasi wa huku. Kimbia, Kijiti. Kimbia usigeuke nyuma.

Dada yako


11 Juni

Dada, na mama,

Nimemaliza.

Naandika nikiwa kitandani na miguu juu ya ukuta, maana ikishuka chini inapiga kama ngoma. Msomee mama polepole, aone kila kitu.

Tulianza gizani, kila mtu na taa kichwani, mstari mrefu unaopanda mlima. Hakuna aliyeongea. Ulikuwa unasikia pumzi tu, na mtu mmoja mbele yangu aliyekuwa akitoa upepo kila hatua bila aibu. Mlima wa kwanza niliupanda kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Wa pili nao. Jua lilipotoka nilikuwa mwepesi, nikajiambia mbona hizi ni rahisi. Daktari wa meno akanisikia nikiimba, akasema, "Nyamaza, utaulipia huo wimbo."

Niliulipia. Baada ya nusu ya njia tumbo likakataa. Viazi vikatoka, maji yakatoka, kisha kikawa hakitoki kitu na bado linakaza. Nilikaa kwenye jiwe. Wanawake wawili waliokuwa wanagawa machungwa kwenye kituo walinijia, mmoja akanishika paji la uso. Akaniuliza, "Una mtu wa kukuchukua?" Nikasema sina. Akaniuliza, "Unataka kuacha?" Nikasema hapana, nikainuka ili asiniulize tena.

Daktari wa meno goti lilimshinda. Alikaa kando ya njia, akaniambia niende. Nilienda. Sikugeuka. Kuanzia hapo nilikuwa peke yangu muda mrefu, na nilikuwa nangoja kitu fulani kinijie, kilio au hasira au mkono wa mtu, sijui. Hakikuja. Yalikuja magoti, zikaja nyayo, ukaja uzio wa ng'ombe wa mtu niliouvuka kwa kuinua mguu mmoja kwa mikono yangu miwili. Mteremko wa mwisho niliushuka kinyumenyume. Nilivuka mstari giza limeshaingia, mtu akanitia medali shingoni, akaniuliza jina langu ili alitangaze, na nikalisahau.

Mama amesemaje? Niandikie alivyosema, neno kwa neno.

Kijiti


17 Juni

Kijiti,

Kaa chini. Umekaa?

Mama amekufa. Alikufa Jumatano, siku tatu kabla ya mbio zako, asubuhi, nikiwa namgeuza. Mkono wangu ulikuwa chini ya bega lake, nikasikia uzito umebadilika. Tulimzika Ijumaa. Nilipokuandikia kwamba ametulia, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani, na yeye amelala mbele yangu na gauni lake la kijani.

Barua yako ya ushindi nimeisoma kwa sauti, polepole, katika chumba kitupu, kama ulivyoomba.

Hakunenepa. Kidonda hakikufunga. Kilifika kwenye mfupa. Na hakusema ukimbie. Nilimsomea barua zako zote, bila kuongeza neno wala kupunguza, hata pale ulipoandika nisimsomee. Hapo hasa. "Likizo yangu yote nitaihitaji." Alinishika mkono nirudie, nikarudia. Alikuwa amebakiwa na maneno machache sana mdomoni, na moja lilikuwa jina lako na jingine lilikuwa "njoo". Asubuhi mpaka jioni. Mimi nikiwa na kijiko mkononi, anatazama mlango nyuma yangu, "Kijiti, njoo." Jina langu lilimpotea mwaka wa kwanza. Alikuwa ananiita "wewe".

Ungetaka kujua kwa nini sikukuita. Ningekuita, ungekuja. Ungekaa siku mbili, ungelia vizuri, angekufa mikononi mwako huku anatabasamu, na watu wangesema, alikuwa anamngoja binti yake. Na mimi ningekuwa jikoni nachemsha maji ya kuwakaribisha.

Hapana. Hilo sikukupa.

Mjomba na majirani niliwaambia umeshaarifiwa, ukajibu kwamba mbio haziwezi kuahirishwa. Waliamini mara moja. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Kijiti hawezi kusema hivyo." Hilo nalo ulile, pamoja na viazi vyako.

Sasa una kitu kikubwa ulichokimaliza maishani.

Dada


25 Juni

Dada,

Nilijua.

Mjomba alinipigia simu Alhamisi mchana. Nilikuwa kwenye foleni ya kuchukua namba ya kubandika kifuani. Akasema, "Mwanangu, ni kweli huji?"

Nikasema, "Kuja wapi, mjomba?"

Nikasikia mtu nyuma yake akiomba msumari. Kisha akasema, "Kumbe hukuambiwa. Mungu wangu. Mama yako, mwanangu. Tunazika kesho."

Basi la saa kumi lilikuwepo. Ningefika usiku na Ijumaa ningekuwa kaburini kama mtoto yeyote. Tiketi zilikuwa zinauzwa ng'ambo ya barabara, nilikuwa naona bango lao kutoka pale niliposimama. Nikamwambia, "Niliambiwa, mjomba. Ni kweli, siji. Usimwambie dada kwamba umenipigia." Akasema, "Haya," kwa sauti ambayo hajawahi kunisemesha nayo. Halafu foleni ikasogea, na mimi nikasogea nayo.

Kwa hiyo usijivune. Hukuninyima kitu. Barua yako ya "ametulia" niliipokea Ijumaa jioni, nikaisoma huku nakula, nikajua uko wapi na unafanya nini, na nikaikunja.

Na nikueleze la zaidi, kwa kuwa umeanza wewe kusema kweli. Nilijua tangu Januari. Mtu ambaye chakula kinarudi kifuani hasemi "akimbie" wazi kabisa. Nilisoma sentensi hiyo mara moja tu, nikaificha barua ndani ya kabati, nisije nikaisoma vizuri. Tiketi ya Aprili ilikuwa ya kweli, lakini jibu lako la "rudisha" lilipofika niliruka, dada. Niliruka juu kwa mguu mbovu. Miaka yote hii nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia nisije, na wewe ulijitolea. Ulidhani unanidanganya. Ulikuwa unanitumikia.

Nilikuwa naogopa kile chumba. Harufu yake, lile jicho. Na wewe, ukinitazama huku umeshika beseni. Kilomita mia moja zilikuwa rahisi kuliko hatua za kutoka mlangoni kwenu hadi kitandani kwake.

Nilikuandikia "msomee mama" nikijua hayupo. Nilitaka kuona utaandika nini, utaendelea kumfufua mpaka lini. Sikutegemea kwamba utakaa usome kwa sauti mle ndani. Mstari huo ulinishinda, niliondoka mezani. Lakini nilirudi nikamalizia.

Oktoba kuna mbio nyingine, ndefu kuliko hizi. Nimejiandikisha.

Kijiti


4 Julai

Kijiti,

Nimemuuliza mjomba. Amekiri kwamba alikupigia, kisha ameomba tusimhusishe tena.

Miezi yote ile nilikushonea uchungu. Nilikata kwa vipimo vyako, nikashona taratibu, na kila siku mama alipokuita niliongeza pindo. Nilikuwa nachelewa kulala nikifikiria uso wako ukisoma. Kumbe nilikuwa namshonea mtu asiyekuwepo.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga. Ningekuandikia "njoo" tangu barua ya kwanza, usingekuja. Ningekuandikia kila wiki, usingekuja. Angekufa hivyo hivyo akitazama mlango, ila mimi ningekuwa mtu safi. Nilimsomea mama yangu maneno ya kumuumiza, akiwa hawezi hata kugeuza kichwa, ili nikuumize wewe. Na wewe hukuumia. Nimeyafanya yale bure, Kijiti. Wewe umeshinda mbio zako, mimi nimebaki na sauti yangu ikisoma na mkono wake ukinishika nirudie.

Sikuchukii. Ningekuchukia ningekuwa na kazi ya kufanya.

Kitanda nimekitoa, wamekichukua. Cherehani imerudi sebuleni. Bado naamka kabla ya jua na kuingia chumbani nikiwa nimeshakunja mikono ya nguo, nimgeuze. Usiniandikie tena, sitakuwepo kusoma. Sijui nitakuwa wapi. Jana nilivaa viatu, nikafunga mlango, nikasimama barabarani, watu wananipita kila upande, na sikujua watu wasiouguza mtu huwa wanakwenda wapi asubuhi.

Dada